Mpira Unakukataa? Anza na Mguu wa Kusimamia

Anayeanza mpira akipaisha shuti, huutazama mguu uliopiga. Wenzake nao wanamfokea hukohuko: "Piga vizuri!" Lakini kwa makosa mengi ya wanaoanza, mguu uliopiga ndio wa mwisho kulaumiwa. Tatizo huwa limeshaingia kabla: kwenye mguu uliosimamia, kwenye macho, au kwenye namna mtu alivyojiweka mpira ukiwa bado njiani. Ndiyo maana unamkuta kijana anapiga danadana hodari kabisa nyumbani kwao, akiingia uwanjani mpira unamkataa.

Maelezo haya ni kwa wanaoanza huku kwetu Kusini mwa Tanzania, watoto kwa wakubwa, wavulana kwa wasichana, wanaocheza mchangani Mtwara, Mikindani, Lindi, Newala na kwingineko. Tafuta dalili inayokuhusu, fanya jaribio lake, ndipo uanze marekebisho. Mtu akibadili mambo matano kwa mpigo hajui lipi limemsaidia.

Kwanza kagua mpira, viatu na kiwanja

Mpira wa watu wazima, namba 5, kwa kanuni za mchezo una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 12, namba 4 ndiyo inayomfaa: mzingo wake ni kama sentimita 63.5 hadi 66, na ni mwepesi zaidi. Mtoto wa miaka tisa akipewa namba 5 iliyojazwa upepo mpaka imekuwa ngumu kama dafu, atajifunza kuuogopa mpira kabla hajajifunza kuucheza. Bonyeza kwa vidole gumba viwili. Ukibonyea kidogo tu, sawa. Usipobonyea kabisa, punguza upepo. Na ukiingiza sindano ya pampu, ilowanishe kwanza kwa maji ili usiitoboe blada.

Daluga za mtumba mara nyingi zinanunuliwa kubwa "ili zidumu". Mguu ukiteleza ndani ya kiatu, pasi haiwezi kunyooka, na malengelenge hayakwishi. Nafasi ya mbele isizidi upana wa kidole gumba cha mkono. Kwenye udongo mgumu wa kiangazi, njumu ndefu zinaumiza magoti na vifundo. Raba ya kawaida inakufaa zaidi.

Kuhusu kiwanja: mchanga mlaini unameza pasi na kuurusha mpira kokote. Kwa hiyo kabla hujasema hujui kutoa pasi, nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, pale mchanga ulipo mbichi na mgumu, ujaribu hapo. Kosa likiondoka, kilichokusumbua ni kiwanja, na dawa yake ni kuongeza nguvu kidogo kwenye pasi. Likibaki, ni lako, tuendelee.

Dalili: mpira ukikufikia unaruka mbali

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo ningependa ulipe muda mwingi zaidi. Mtu asiyeweza kutuliza mpira hana nafasi ya kuonyesha kitu kingine chochote anachokijua. Pasi, chenga, shuti, vyote vinaanzia hapo.

Jaribio: mwambie mwenzako asimame hatua nne kutoka ulipo, akurushie mpira taratibu kwa mkono, uupokee kwa upande wa ndani wa mguu. Usiuangalie unakokwenda, sikiliza mlio wake. Ukilia kwa nguvu, "pa!", mguu wako umekaza na mpira unagonga ukuta. Ukilia kwa chini, kama kitu kimeangukia kwenye gunia, mguu umeupokea.

Mguu uliokaza ni chanzo cha kwanza. Tiba yake ni kuurudisha mguu nyuma kidogo mpira unapougusa. Ila hapa wengi hukwama, kwa sababu wanajitahidi kulegeza mguu wa kupokea huku goti la mguu wa kusimamia limenyooka wima. Haiwezekani. Goti lile likinyooka, kiuno kinakaza, na kiuno kikikaza mguu wa mbele unakaza nao. Kunja goti la mguu uliosimamia kwanza, simama kwa sehemu ya mbele ya nyayo badala ya kisigino, ndipo utashangaa mguu wa kupokea unavyolegea wenyewe.

Chanzo cha pili ni macho. Anayeanza hufuata mpira mpaka ukiwa hatua mbili mbele yake, kisha anainua macho kutafuta pa kuupeleka. Hatua hizo mbili za mwisho ndizo zenye kila kitu, hasa kwenye viwanja vyetu ambapo mpira hubadili njia ukigonga jiwe au mzizi. Mpangilio sahihi ni huu: tazama uwanja mpira ukiwa bado kwenye mguu wa mwenzako, tazama tena ukiwa njiani, na ukikaribia utazame mpira peke yake mpaka uguse mguu. Ukifanya hivyo utakuwa umeshajua nani yuko wapi kabla hujapokea.

Chanzo cha tatu ni kuusubiri mpira. Pasi nyingi za wanaoanza haziji mguuni moja kwa moja, zinakuja karibu na mguu. Ukisimama kama nguzo na kunyoosha mguu kuufuata, utaugusa kwa ncha. Miguu iwe inachezacheza, hatua fupifupi, na uufuate mpira kwa mwili mzima.

Halafu kuna kosa la mtu ambaye ametuliza vizuri kabisa na bado ananyang'anywa. Huyu ameua mpira chini ya mwili wake, na sasa anahitaji mguso mwingine wa kuutoa hapo. Beki anafika kwenye mguso huo. Kutuliza maana yake ni kuuweka mpira unapotaka kuchezea mguso unaofuata: hatua moja pembeni, upande ambao adui hayupo. Kwa hiyo ukiwa mazoezini, usijipime kwa "umetulia au haujatulia". Chora mstari mchangani upande wa kulia na upande wa kushoto, na kabla mpira haujakufikia taja kwa sauti upande unaoupeleka.

Mazoezi yake hayahitaji kocha. Yanahitaji ukuta. Tafuta ukuta wa tofali za saruji, usiwe wa udongo na miti, maana utaubomoa. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba na uwahi kumaliza kabla watu hawajaanza kupumzika. Simama hatua tano, piga kwa ndani ya mguu, pokea, piga tena. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha pokea kwa huu na upige kwa ule. Robo saa kila siku inajenga zaidi kuliko saa mbili za Jumapili.

Dalili: pasi inakwenda pembeni, au inadundadunda njiani

Ufukwe unakusaidia hapa kuliko kiwanja chochote cha nyasi, kwa sababu mchanga mbichi unahifadhi alama. Maji yakikupwa, nenda mapema asubuhi au jioni. Weka vifuu viwili vya nazi kama goli dogo, upana wa hatua moja, kisha urudi nyuma hatua nane na upige pasi upitishe katikati. Ukikosa, usikimbilie mpira. Baki hapo hapo utazame chini.

Alama ya mguu uliosimamia itakuambia. Vidole vyake vinaelekea wapi? Kama vimeelekea pembeni, pasi imefuata huko, kwa sababu kiuno hugeukia vidole vinakoelekea. Iko umbali gani na pale mpira ulipokuwa? Iwe kama shubiri moja, ubavuni mwa mpira. Ikiwa mbali zaidi, uliufikia mpira kwa kujinyoosha na mguu ukafagia kwa mviringo. Pasi ya namna hiyo hukata kona. Ikiwa karibu mno, mguu wa kupiga ulikosa njia. Tazama pia kina cha alama: kisigino kikizama kuliko sehemu ya mbele, ulikuwa umeegemea nyuma, na hapo ndipo mpira unaponyanyuka na kuanza kudunda.

Piga pasi kumi huku ukisoma alama zako, na rekebisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kwanza vidole, kisha umbali, kisha uzito wa mwili. Mguu wenyewe wa kupiga una masharti mawili: kifundo kikaze, na ugonge katikati ya mpira kwa ile sehemu pana iliyo chini ya kifundo, upande wa ndani. Kifundo kikilegea, pasi inakuwa dhaifu hata ukiongeza nguvu ya paja.

Dalili: shuti linapaa juu ya goli

Mwamba wa goli uko mita 2.44 kutoka ardhini. Kwa mtu aliyeko ndani ya eneo la hatari, kupaisha kunahitaji kosa kubwa kiasi, na kosa hilo karibu kila mara ni lilelile: mguu wa kusimamia umebaki nyuma ya mpira. Ukibaki nyuma, kifua kinaegemea nyuma ili mguu wa kupiga uufikie mpira, na mguu unaupata mpira kwa chini. Mpira ukigongwa chini hauna pa kwenda ila juu.

Mguu wa kusimamia uwe ubavuni mwa mpira. Kifua kiwe juu ya mpira. Vidole vya mguu wa kupiga vielekee chini, kifundo kikaze, na mpira uguswe kwa mgongo wa mguu, pale kamba za kiatu zinapofungwa. Ukishapiga, mwili uende mbele na utue kwa mguu uleule uliopiga. Ukijikuta umebaki umesimama palepale, nguvu yako iliishia njiani.

Wanaoanza wengi hupenda kupiga kwa ncha ya vidole kwa sababu mpira unakwenda kasi. Shida ni kwamba ncha ya vidole ni ndogo. Ukikosea kidogo tu mpira unakwenda kokote. Iweke iwe akiba ya dharura, pale huna nafasi ya kurudisha mguu.

Na kwa mnaocheza karibu na bahari, msimu wa kusi mpira wa juu haukutii. Ukiwa unashambulia dhidi ya upepo, piga chini. Ukiwa na upepo nyuma yako, punguza nguvu kwenye pasi ndefu, la sivyo kila mpira utatoka nje.

Shuti dhaifu ni shida tofauti. Chanzo chake mara nyingi ni kuuendea mpira kwa mstari ulionyooka. Uendee kwa mshazari kidogo ili kiuno kipate nafasi ya kuzunguka, hatua ya mwisho iwe ndefu, na uanze na shuti la nusu nguvu lililo safi. Nguvu huja baadaye, huhitaji kuitafuta.

Dalili: unanyang'anywa kila ukikokota

Jaribio: mwenzako atembee kinyumenyume mbele yako akionyesha vidole, mara viwili, mara vinne, nawe utaje idadi huku unakokota. Ukishindwa kutaja, macho yako yapo chini wakati wote, na ndiyo maana humwoni beki mpaka amefika. Ukitaja vizuri lakini mpira unakukimbia, basi mguso wako ni mkubwa mno. Uguse mara nyingi, kidogokidogo, kwa upande wa nje wa mguu karibu na kidole kidogo, kila hatua mguso mmoja ukiwa karibu na watu. Ukipata uwazi ndipo usukume mbali na ukimbie.

Sababu nyingine ni kasi ya aina moja. Beki hapitwi na anayekimbia sana. Anapitwa na anayebadilisha. Nenda taratibu, mwache akusogelee, kisha ondoka. Ukiwa umebanwa, weka mwili wako kati yake na mpira na uucheze kwa mguu ulio mbali naye.

Vijana wanazitazama chenga za kila namna kwenye simu na kuzijaribu zote siku moja. Naomba sana, chagua moja. Chenga moja unayoimiliki kulia na kushoto, kisha kuongeza kasi ukishampita mtu, itakutosha msimu mzima.

Dalili: unakimbia mechi nzima na hupewi pasi

Hapa watu huumia moyo, wanaona wanabaguliwa. Wakati mwingine ni kweli, timu ina watu wake. Lakini kabla hujafika huko, jiulize swali moja kila mwenzako akiwa na mpira: naiona miguu yake? Kama kuna beki katikati na huioni miguu yake, naye hana njia ya kukupasia, hata kama umeinua mkono na kupiga kelele. Sogea hatua mbili au tatu pembeni mpaka uione. Kuhama hatua hizo tatu kunazidi kukimbia mita thelathini ukiwa umejificha.

Kosa la pili ni kuukimbilia mpira ulipo. Kwenye mechi za mtaani unaona watu wanane wamekusanyika sehemu moja na nusu ya uwanja iko tupu. Mazoezi ya watu wanne kwa mmoja, wanne wanapasiana kwenye mraba na mmoja anatafuta mpira, yanafundisha nafasi haraka kuliko maelezo yoyote. Kila anayepoteza anaingia kati.

Tena, jifunze kutazama. Ukienda uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara, Ilulu pale Lindi, au Majaliwa kule Ruangwa timu ya Namungo ikiwa nyumbani, chagua kiungo mmoja na umtazame yeye tu kwa dakika kumi, hata mpira ukiwa upande mwingine. Hesabu mara anazogeuza shingo. Namungo walifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Timu kutoka wilaya ya Ruangwa. Ukikaa pale na macho yako yakajua pa kutazama, unalipa kiingilio cha mechi na unapata somo zima.

Dalili: pumzi inakata mapema

Mara nyingi umetumia pumzi yote dakika tano za mwanzo kwa kukimbia kasi. Au umekula ugali wa muhogo saa tisa na mechi ni saa kumi na nusu. Mlo mzito uwe muda wa saa mbili au tatu kabla ya mechi. Ukihisi njaa karibu na mchezo, ndizi inatosha. Kunywa maji tangu mchana, usingoje kiu uwanjani. Joto la pwani miezi ya Novemba mpaka Machi si la kudharauliwa, kwa hiyo mazoezi yawe baada ya alasiri.

Kichomi kikija, punguza mwendo, vuta pumzi ndefu na uitoe taratibu. Kikikurudia, kimbia na upumzike kwa zamu: dakika moja kasi, dakika mbili kutembea, mara nane, siku tatu kwa wiki. Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali au kuzimia wakati wa mchezo ni mambo ya hospitali, usijaribu kuyatibu kwa mazoezi.

Dalili: unaogopa kupiga kichwa

Unafumba macho, mpira unakupiga utosini, unaumia, unaogopa zaidi. Mahali pake ni paji la uso, karibu na nywele zinapoanzia, macho wazi, shingo imekaza, na wewe ndiye unayeufuata mpira. Anza na mpira mwepesi wa plastiki, mwenzako akirusha kutoka hatua mbili. Kwa watoto wadogo sikushauri kabisa. Huko Uingereza tangu 2020 watoto wa umri wa shule ya msingi hawafundishwi kichwa mazoezini, kwa ajili ya kulinda ubongo wao. Wape miguu kwanza.

Dalili: mpira wa kurusha unakataliwa na mwamuzi

Mguu mmoja umenyanyuka, au mikono haikutoka nyuma ya kichwa. Miguu yote miwili iguse chini, juu ya mstari au nje yake, mikono yote miwili ipite juu ya kichwa. Na ukumbuke anayepokea mpira wa kurusha moja kwa moja hawezi kuwa ameotea, kwa hiyo usiogope kumrushia aliye mbele.

Dalili: maumivu

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja, yenye uvimbe, si ya kawaida. Kifundo kikiteguka, wengi hukimbilia kukikanda kwa maji ya moto na kukivutavuta. Siku mbili za mwanzo fanya kinyume: pumzika, weka kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bendeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mto. Ukishindwa kukanyagia hatua nne, nenda hospitali ukapigwe picha. Hospitali za rufaa za mkoa zipo, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi.

Kinga yake ni kupasha mwili moto kwa kweli. FIFA ina programu inayoitwa 11+, ya kama dakika 20: kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu ya mapaja na tumbo, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa. Haihitaji kifaa chochote ila mpira. Wanaoifuata angalau mara mbili kwa wiki hupungukiwa na majeraha. Kule kusimama kwa mguu mmoja, ambako vijana hukuruka wakiona hakuna maana, ndiko kunakoimarisha mguu wa kusimamia.

Ukirekebisha na hali ikabaki vilevile

Ipe wiki mbili za mazoezi ya kweli kabla hujabadili tiba. Baada ya hapo, mpe mwenzako simu aishike chini, usawa wa goti, kutoka ubavuni, akurekodi ukipiga au ukipokea mara tano. Tazama picha kwa mwendo wa polepole na uisimamishe pale mguu wa kusimamia unapotua, kabla ya kugusa mpira. Angalia vidole, umbali, goti na kifua kwa mpangilio huo. Kosa la kwanza utakaloliona ndilo la kulishughulikia wiki inayofuata. Mengine yaache kwanza.